Umepanga kazi zako kwa kiwango cha nguvu na bado haziendi? Tafuta dalili yako hapa

Wengi wakishachoshwa na ile listi ndefu isiyoisha wanahamia kwenye mtindo wa kupanga kazi kwa nguvu, yaani kazi za nguvu nyingi zinakaa huku, za nguvu kidogo zinakaa kule, halafu unachagua kulingana na ulivyo muda huo. Mimi huu mtindo nautetea kwa moyo wote maana hakuna mtu mwenye masaa yanayofanana siku nzima, wewe wa saa nne asubuhi na wewe wa saa tisa mchana hamuwezi kupewa kazi moja mkaifanya sawasawa. Ila unakuta baada ya muda mtu anasema umemshinda, na ukiiangalia listi yake unaona mara nyingi shida sio mtindo, shida ni lebo alizobandika. Nimeweka dalili kama watu wanavyozisema wenyewe, chanzo chake na cha kufanya. Nenda moja kwa moja kwenye inayokugusa lakini hiyo ya kwanza isome hata kama unaona haikuhusu, sababu nyingine karibu zote zinaiegemea.

"Hii kazi ni nyepesi kabisa lakini kila siku naisogeza kesho"

Chukua mfano wa kupiga simu ya kuomba uongezewe muda wa kulipa deni. Ni dakika tano, haitaki akili nyingi, haitaki jasho, kwahiyo unaiandika "nguvu kidogo". Wiki inaisha haijapigwa. Unaanza kujiita mvivu wakati uvivu haupo hapo.

Chanzo ni kwamba umeipima kazi kwa dakika. Watu wamezoea kusema nguvu ni kama chaji ya simu, asubuhi iko mia halafu inashuka taratibu mpaka usiku, na huo mfano ndo unaowaponza kwa sababu simu ina betri moja na mtu hana betri moja. Kuna nguvu ya kichwa, ile ya kufikiri na kushika mambo mengi kwa pamoja. Kuna nguvu ya moyo, ya kuthubutu, ya kuvumilia kukataliwa, ya kusikiliza sauti ya mtu ambaye hajafurahi. Na kuna ya mwili. Haziishi kwa pamoja. Mtu aliyeshinda kwenye ripoti tangu asubuhi, jioni kichwa kimekauka lakini miguu inatamani kutembea, huyo ukimpa kabati apange kwake ni kama mapumziko. Mwingine ametoka kukwaruzana na ndugu yake, kichwa kiko sawa tu na hesabu atapiga bila kukosea, ila mwambie apige ile simu ya deni uone.

Cha kufanya: chukua kila kazi uliyoisogeza zaidi ya mara mbili ujiulize, ikifika zamu yake ni nini ndani yangu kinachokataa. Jibu likiwa "sijui nianzie wapi" hiyo ni ya kichwa, hata kama ni fupi. Likiwa "sitaki kusikia atakachosema" hiyo ni ya moyo. Likiwa "nataka kulala tu" hiyo ni ya mwili. Andika neno moja pembeni ya kila kazi: kichwa, moyo au mwili. Hizo ndo lebo zako mpya, nyingi na kidogo zije baadae kama bado utaona unazihitaji, na watu wengi hawazihitaji tena.

Kazi za moyo zina tabia yake. Uzito wake hauko ndani ya kazi, uko kabla ya kazi, na unakua kadiri unavyosubiri. Kwahiyo ukikaa kungoja siku utakayojisikia jasiri utangoja sana. Weka moja tu kwa siku, iwekwe mapema kabla moyo haujatumika kwa mambo mengine, na uiandike na sentensi ya kwanza utakayosema. Sio "piga simu ya mkopo", hapana, andika hivi: "Nikimaliza kusoma meseji za asubuhi, kabla sijainuka, napiga na kusema: Habari, nina mkopo kwenu, tarehe ya mwezi huu sitaweza kulipa yote, naomba kujua kama kuna utaratibu wa kugawanya." Ukiwa na hiyo mbele yako unasoma tu, hutungi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika makala mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii ya "ikitokea hivi, nafanya hivi", akaonyesha kwamba kuifunga kazi kwenye tukio fulani kunasaidia mtu kuanza kuliko kuwa na nia tu. Nia karibu wote tunayo.

"Nikichoka nafungua listi ya kazi za uchovu halafu nachoka zaidi"

Fungua hiyo listi sasa hivi uangalie maneno yaliyoandikwa. Nina uhakika kuna kitu kama "picha", "bima", "makaratasi", "kusafisha emaili". Hizo sio kazi, hizo ni mada. Ili ufanye chochote kwenye "makaratasi" inabidi kwanza uamue ni yapi, yaende wapi, lipi linabaki na lipi linatupwa, na kuamua ni kazi ya kichwa. Kwahiyo listi ya uchovu inakudai kitu kilekile ambacho kimeisha, lazima ikuchoshe.

Hapa ndo kuna kanuni ambayo natamani kila anayepanga kwa nguvu angeianza nayo: kazi ya kufanya ukiwa umechoka inatayarishwa ukiwa na nguvu. Wewe wa asubuhi unamwandalia wewe wa jioni. Ona tofauti.

"Picha" inakuwa: "Fungua folda ya picha za mwezi uliopita, zilizojirudia na zenye ukungu zihamishie folda ya KUFUTA, ukifika picha ya mwisho ya mwezi acha."

"Bima" inakuwa: "Barua ya bima iko droo ya juu, namba ya mteja iko kona ya kulia, inakili kwenye simu."

"Makaratasi" inakuwa: "Chukua rundo la mezani. Risiti kwenye bahasha. Matangazo kwenye takataka. Mengine yote rudisha kwenye rundo bila kuyasoma."

Hayo maneno mawili ya mwisho, bila kuyasoma, ndo yanayoiokoa hiyo kazi. Ukianza kusoma karatasi moja ya kodi umeshaingia kwenye kuamua, na dakika ishirini baadae umekaa sakafuni na karatasi pande zote na hasira juu. Kwahiyo kila kazi ya uchovu ikaguliwe: inaanza na kitendo, inasema kitu kiko wapi, inasema unaishia wapi, na ndani yake hakuna uamuzi hata mmoja. Ikikosa kimojawapo irudishe upande wa kichwa mpaka uitayarishe.

Halafu nyepesi isichanganywe na salama. Kuhamisha pesa ni kubonyeza mara tatu, kusaini fomu ni sekunde, kufuta mafaili moja kwa moja ni sekunde, lakini ukikosea umekosea. Hizo usiziweke kwenye uchovu kabisa. Umeona hata kwenye picha nimesema zihamishie folda ya KUFUTA, sijasema zifute, kufuta kwenyewe utafanya kesho ukiwa na akili timamu.

Na listi yenyewe iwe fupi. Tano au sita zilizotayarishwa zinatosha, ukiweka thelathini umemrudishia mtu aliyechoka kazi ya kuchagua.

"Kila siku naishia kwenye nyepesi, zile kubwa zimelala tu"

Hapa vyanzo vinaweza kuwa viwili na vinafanana sana kwa nje.

Cha kwanza, unajipima huku unaitazama kazi. Unasoma "andika sura ya tatu ya ripoti" ndo unajiuliza najisikiaje, na jibu linakuja palepale kwamba leo sina nguvu, na unaliamini. Geuza mpangilio. Kabla hujafungua listi andika mahali kichwa, moyo na mwili viko wapi kwa namba kuanzia 1 mpaka 5, kisha ndo ufungue. Ukiwa umeandika kichwa 4 halafu ukaiona ripoti na ghafla ukachoka, basi unajua huo sio uchovu, ni woga au kazi haieleweki, rudi dalili ya kwanza. Kuna watu watakwambia utashi ni kama tenki, ukishautumia asubuhi mchana haupo. Hilo wazo lilishika sana miaka mingi, lakini mwaka 2016 majaribio yaliyorudiwa kwenye maabara zaidi ya 20 yalishindwa kulipata hilo tenki kama lilivyokuwa linaelezwa. Sisemi uchovu haupo, upo na ni halali kabisa. Nasema ule unaokuja sekunde mbili baada ya kuiona kazi usiupe kura ya mwisho, ifanye kazi dakika kumi kwanza, ukiona bado namba iko chini acha kwa amani uende kwenye nyepesi.

Cha pili, masaa yako mazuri yameshaliwa. Kichwa kinakuwa 5 asubuhi kwa masaa mawili hivi na ndo muda huohuo unajibu meseji, unapitia makundi, unawatafutia wengine mafaili. Zote hizo ni kazi ambazo hata kichwa kikiwa 2 zinafanyika. Hapo hakuna lebo itakayokusaidia, hapo inabidi uyafungie hayo masaa na watu wajue kwamba unajibu kuanzia saa fulani. Ni ngumu kwa baadhi ya kazi, najua, lakini hata nusu saa iliyofungiwa kweli ni bora kuliko masaa mawili ya jina tu.

"Nimepanga ngumu zote asubuhi kama wanavyoshauri ila kichwa hakiamki"

Ushauri wa asubuhi umetolewa na watu wa asubuhi. Saa ya ndani ya mwili haifanani kwa kila mtu, kuna wanaochanua mapema na kuna wanaochanua jioni, na sehemu ya hilo ni ya kuzaliwa, inabadilika pia na umri, vijana wengi inasogea kuelekea usiku. Hata kwa mtu wa asubuhi kuna ule uzito wa kuamka, kichwa kinaweza kuwa kizito kama dakika 15 mpaka 30 na mara nyingine kupita saa nzima, hasa ukiamshwa katikati ya usingizi mzito. Ukijipima hapo utajiandikia 1 siku nzima bila haki.

Mchana nako, lile anguko la saa nane saa tisa sio la chakula peke yake, wanaochunguza usingizi wanalikuta hata kwa mtu ambaye hajala mchana. Ni mwili wako tu unavyozunguka. Kwahiyo usipigane nalo, mpangie mwili kazi hapo.

Kahawa itazame pia. Kafeini nusu yake inabaki mwilini baada ya kama masaa matano, kuna wa pungufu na kuna wa zaidi, kwahiyo kikombe cha saa kumi na moja jioni bado kina nusu yake saa nne usiku, unalala juujuu, kesho asubuhi unaulaumu mfumo wa kupanga kazi.

Cha kufanya ni kuandika tu zile namba za kichwa, moyo na mwili, kuanzia 1 mpaka 5, mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kwenye karatasi, bila kubadilisha chochote. Utaona umbo lake. Halafu ndo uhamishe kazi za kichwa ziende pale kichwa kinapopanda, hata kama ni saa tatu usiku.

"Nguvu ninazo, nimelala vizuri, lakini akili inarukaruka"

Hii sio shida ya nguvu, ni kazi ya nyuma imebaki na mkia. Mtafiti Sophie Leroy mwaka 2009 alionyesha kwamba ukitoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kwanza haijakaa sawa, sehemu ya akili inabaki kule na unayoifanya sasa inaumia. Dawa yake ni rahisi mno mpaka watu wanaidharau. Kabla hujabadilisha kazi andika mstari mmoja wa umefikia wapi na kinachofuata ni nini. "Jedwali la mapato limekamilika, la matumizi limeishia mwezi wa sita, ukirudi anzia na mwezi wa saba, namba ziko kwenye faili la pili." Basi. Masicampo na Baumeister mwaka 2011 walikuta kitu kinachoendana na hili, kwamba jambo ambalo halijaisha linaacha kumsumbua mtu akishaliwekea mpango unaoeleweka, hata kabla hajalifanya. Yaani akili haidai umalize, inadai ihakikishiwe kwamba halitapotea.

Kama kuna mambo ya nyumbani au ya watu ndo yanarukaruka, yaandike nayo hivohivo, na kila moja lipate hatua ya kwanza na siku.

"Namba ziko sawa ila nina hasira, au nina wasiwasi, au nina furaha ya ajabu"

Hali ya akili inabadilisha kazi ipi ni salama, sio tu ipi inawezekana.

Ukiwa na hasira nguvu zipo tena nyingi, zipeleke mwilini, sugua, beba, tembea. Unaweza kuandika lile jibu kama linakuchoma lakini liandike mahali pasipo na kitufe cha kutuma, au toa kabisa jina la mpokeaji. Wasiwasi unafaa kazi zenye jibu moja lililo sahihi, kukagua orodha, kujumlisha, kulinganisha majina na namba, kazi ya kubuni iache. Huzuni inataka kitu kidogo ambacho matokeo yake yanaonekana kwa macho, na ikiwezekana kifanyike na mtu mwingine pembeni.

Furaha ndo watu hawaijui kama hatari. Ukiwa umepata habari njema unasema ndiyo kwa kila kitu, nitakuja, nitakuandalia, nitasimamia, na listi yako ya mwezi ujao inajaa ahadi za mtu ambaye hatakuwepo siku hiyo. Siku kama hiyo anzisha vitu, buni, piga zile simu za moyo zilizolala, ni siku nzuri sana kwa hizo, ila kila ombi jipya lijibu "nitakupa jibu kesho".

"Nina lebo nyingi sana, napanga kuliko kufanya"

Futa. Bakiza kichwa, moyo, mwili. Kama app yako inakulazimisha rangi kumi na vipaumbele vinne, tumia daftari.

"Haya yote ni mazuri kwa mwenye uhuru, mimi masaa yangu sio yangu"

Mwenye mtoto mchanga, anayeuguza, anayefanya kazi za zamu, huyu hachagui saa ya kichwa 5, inamkuta inapomkuta na inaweza kukatika baada ya dakika kumi na mbili. Naona ushauri mwingi unampita tu. Kwako usitafute muda wa kazi, katakata kazi iwe saizi ya muda unaokukuta. Kaa na kazi mbili zilizotayarishwa kwa kila fungu, mbili za kichwa, mbili za moyo, mbili za mwili, kwenye kikaratasi kimoja, na kila moja iwe inaweza kuachwa katikati bila kuharibika. Ule mstari wa umefikia wapi kwako sio hiari, uandike mwanzoni na kila ukisogea hatua, maana hujui utaitwa saa ngapi.

"Wiki zote namba ni 1 na 2, hakuna saa nzuri"

Hapa acha kurekebisha listi. Angalia usingizi kwanza, mtu mzima anahitaji masaa saba au zaidi, na kama unalala hayo na bado unaamka hoi huku unaambiwa unakoroma na pumzi inakatika, hilo ni la hospitali. Upungufu wa damu, tezi ya shingoni, kisukari, na baadhi ya dawa pia vinaweza kumshusha mtu hivi. Na kama kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku una huzuni au vitu ulivyokuwa unavipenda havikuvutii tena, nenda kaseme hivohivo, usisubiri wiki ya tatu. Ikifika mahali unawaza kujidhuru usisubiri hata kesho, mwambie mtu wa karibu sasa hivi na mtafute msaada leo.

Lile karatasi la namba za kichwa, moyo na mwili nenda nalo kwa daktari, litamsaidia kuliko "nimechoka tu", na muonyeshe pia masaa uliyolala na dawa unazotumia. Wakati unasubiri majibu bakiza kwenye listi kazi zenye tarehe na ambazo zisipofanyika mtu anaumia au unapigwa faini, nyingine zote zihamishie ukurasa wa nyuma, na hizo chache zilizobaki mpe mtu mmoja azijue ili asaidie zile za simu.